Kanuni ya Tisa, Kifungu cha Tatu

Sanduku limefika kwa basi la kutoka Kampala,
kamba ya katani kiunoni, mihuri mitatu ya forodha.
Chapa ya pili, imeandikwa juu, pamoja na masahihisho.
Ya kwanza iliisha madukani kabla sijajua
kwamba vita vyetu viliwahi kukunjwa
vikaenea ndani ya sanduku.

Rwezaura kavuka Mutukula alfajiri
na senene za kukaanga, na miwani ya mkewe.
Kiingereza kinampiga chenga, Kihaya mimi sikijui,
basi tunakutana kwenye Kiswahili,
lugha ambayo mama yangu aliisikia kwanza
kinywani mwa mtu mwenye bunduki, pale getini,
na hadi anazikwa hakutaka iingie sebuleni.
Leo imeingia. Imekaa mezani, inakunywa chai.

Ramani ni sega la nyuki, kila tundu pembe sita.
"Kete hii ni kikosi. Namba ya kushoto ni nguvu,
ya kulia ni mwendo. Ya juu...
ngoja, nimepotea."
Tunarudi ukurasa wa nne.
Barabara ya lami, nusu nukta. Migomba, nukta mbili.
Kinamasi cha Lukaya: simama.
Hata kama umebakiwa na mwendo, simama.
"Hiyo kweli," anasema Rwezaura, na haongezi.
Kaka yake alisimama pale.

Kuna kanuni ngumu kuliko kikao cha mahari:
kikosi kilicho jirani na adui
hakiruhusiwi kumpita adui wa pili, isipokuwa.
Isipokuwa nini? Sentensi inakatika,
inaendelea ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi za chawa.
Kijineno hicho kimekula saa nzima na birika mbili.

Nakabiito anapita na beseni la nguo.
"Watu wazima mnagombea karatasi?"
"Shemeji," Rwezaura anamjibu, "na wao waligombea karatasi.
Yao ilikuwa kubwa tu."

Kete moja haimo. Kiwanda kimeisahau.
Nachukua kifungo cha shati katika kopo la mama,
cheusi, matundu manne, uzi bado umo,
nakipa nguvu tatu na mwendo sita
na jina la kikosi ambacho sikumbuki kilikimbilia wapi.

Halafu tisa, tatu.
*Mji ukipigwa mizinga, weka juu yake alama ya gofu.
Ulinzi wake hupungua kwa mbili.
Hakuna athari nyingine.*

Natafuta neno la kulegeza hapo, silipati.
Rwezaura anangoja, penseli sikioni.
Tundu la Masaka limefunikwa lote na kidole changu:
cherehani kichwani mwa mama, mguu wake wa chuma
ukimgonga bega kila hatua,
mimi na umri wa miaka tisa nikibeba gurudumu lake,
siku tatu kwenye mibuni, bila kujua nukta ngapi,
na tuliporudi, duka la Mhindi lenye ukuta mmoja
na ukutani kalenda, imefunguliwa mwezi uleule.

Nafungua karatasi ya masahihisho.
Wamesahihisha tahajia ya Katonga.
Wamepunguza nguvu za daraja.
Tisa, tatu wameiacha ilivyokuwa.

Naisoma tena, polepole, kama barua ya mtu mwingine.
"Umeelewa?"
Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kanzu.
"Nimeelewa," anasema. "Isipokuwa."

Hakumalizia. Amesukuma senene upande wangu,
senene za Bukoba, ambazo mwaka jana
niliapa mbele yake kuwa hazifikii za kwetu,
nami nikala, na zilikuwa tamu, sikumwambia.
"Anza wewe," kasema. "Ndiye mwenyeji."

Nikarusha. Dadu likagonga birika,
likaviringika hadi uvunguni mwa kabati,
na sasa tupo magotini, wazee wawili,
na tochi ya simu, mashavu sakafuni,
tukibishana, kabla hata halijaonekana,
kama linahesabiwa.